Risasi isiyo na risasi

Mazungumzo ya fundi kerezo mbele ya Waswahili wenzake, New Jersey. Yameandikwa kama yalivyosemwa, marudio yakipunguzwa.

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, habari za jioni. Vijana naona mmejipanga nyuma karibu na sinia la sambusa. Nimewaelewa, sitachelewesha.

Nianze na hivi vipande ninavyovipitisha. Viko sita. Ni shaba tupu: havina baruti, havina fataki, havina ganda, kwa hiyo hakuna litakalolipuka humu ndani. Vishikeni, vipapaseni nchani. Mtaona mifereji mitatu au minne imechongwa kuanzia kichwani ikishuka ubavuni. Kimoja ncha yake inafanana kabisa na bisibisi nyota. Mwingine ataniuliza mbona sikuleta na ile ya tundu nchani ili tulinganishe. Hiyo nimeiacha nyumbani makusudi, na sababu yake ni sehemu ya mazungumzo ya leo. Nitafika.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu, na risasi ni yale madini mazito, laini, ya kijivu, yaliyomo kwenye betri ya gari na ambayo wavuvi wa kwetu huyafanyia chubwi. Waarabu waliotupa neno hili nao hali ni hiyo hiyo. Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kutofautisha, maana kitu kilikuwa kimoja. Sasa mlichoshika mkononi ni risasi isiyo na risasi hata chembe. Na wala haichanui. Hayo mawili ndiyo yaliyonileta hapa.

Chanzo ni ndugu yetu mmoja mwenye duka la vyakula. Leo hayupo, yuko dukani. Alivamiwa mwaka juzi, akanyang'anywa, akapigwa kitako cha bastola kichwani. Akafuata taratibu zote, akapata kibali, akanunua bastola yake. Mwezi uliopita akanipigia simu, furaha tele. Ameuziwa risasi mpya, anasema, zimechongwa na kompyuta, zikiingia zinazunguka kama propela na kufanya jeraha kubwa kuliko za kuchanua, na adui anaanguka palepale. Sanduku la risasi 20 kalinunua kwa hela ambayo angepata la 50 za kawaida, na chenji ya kahawa ikabaki. Akaniuliza: wewe ni fundi wa kukereza vyuma, hebu niambie, ni kweli?

Nilimwambia nusu ni kweli. Nusu ya kukereza ni kweli. Nusu ya propela ni ya muuzaji. Sikumridhisha hata kidogo, ndipo akasema basi njoo utueleze wote.

Kwanza tuelewane risasi ya kuchanua ni ipi. Nchani ina tundu. Ikiingia kwenye kitu chenye majimaji, na mwili wa mtu sehemu kubwa ni majimaji, yale majimaji yanajaa kwenye tundu kwa kishindo, yanasukuma kuta kwa nje, na ncha inafunguka kama ua. Iliingia na milimita 9, inaendelea ikiwa na 14 au 15. Faida ni mbili: inakata njia pana zaidi, na ule upana unaifunga breki, isitoke upande wa pili ikampata mtu asiyehusika.

Wazo hili ni la zamani. Miaka ya 1890 Waingereza walikuwa na kiwanda cha silaha Dum Dum, karibu na Calcutta, na ofisa mmoja pale, Neville Bertie-Clay, akatengeneza risasi za bunduki ambazo ncha yake ya risasi laini iliachwa wazi bila kufunikwa. Jina la mtaa ule limebaki kwenye vitabu vya sheria mpaka leo. Mwaka 1899 mataifa yakakutana The Hague na kukubaliana kutotumia vitani risasi zinazotanuka au kubapa kirahisi mwilini. Ndiyo maana risasi ya askari jeshi hadi leo kwa kawaida imevikwa koti zima, yaani ganda jembamba la metali ngumu linaloifunika mpaka nchani. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi huchanganya: lile ni azimio la vita baina ya mataifa yaliyolikubali. Marekani haikuliridhia, na halimhusu polisi wa mtaani wala mwenye duka.

Risasi ya koti zima yenye ncha ya mviringo inapita mwilini kama mtu mwembamba anavyopita katikati ya umati wa Kariakoo. Watu wanasogea, akishapita wanarudiana. Nyama hunyumbuka, inasogea, inarudi. Njia inayobaki ni nyembamba kuliko risasi yenyewe. Wazee wa rivolva za Marekani walilijua hili siku nyingi kabla ya kompyuta. Walikuwa wakitia kwenye rivolva fupi za .38 risasi yenye kichwa bapa kama kizibo cha chupa, ambayo kusudi lake hasa lilikuwa kutoboa karatasi ya shabaha tundu safi ili alama zihesabike. Kingo yake kali inakata badala ya kusukuma. Haichanui, na ilipendwa kwa sababu haitegemei kuchanua. Kwa hiyo mtu akikwambia risasi ya kujilinda isiyochanua ni uvumbuzi mpya, mpe maji anywe. Kilicho kipya ni namna ya kuitengeneza.

Sasa niwapeleke Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Nakaa hapa kidogo, kwa sababu kila kinachouzwa leo kwenye masanduku haya kilizaliwa asubuhi ile.

Makachero wa FBI, wapelelezi wa serikali ya shirikisho, walikuwa wakiwatafuta majambazi wawili wa mabenki, Michael Platt na William Matix. Wakawaona kwenye gari, wakawagonga, wakawabana kando ya barabara. Mapigano hayakufika hata dakika tano, lakini zilirushwa risasi zaidi ya mia moja. Mapema kabisa, kachero Jerry Dove alimpiga Platt alipokuwa akijichomoa dirishani mwa gari. Ilikuwa risasi ya milimita 9, gramu saba na nusu hivi, ya kuchanua. Ikapita kwenye mkono wa kulia juu ya kiwiko, ikatokea kwapani, ikaingia kifuani, ikalitoboa pafu, ikasimama. Ilisimama kama sentimita mbili na nusu kabla ya kuufikia moyo.

Jeraha lile lilikuwa la kumuua. Madaktari walikubaliana kwamba asingepona. Lakini aliendelea. Akiwa na jeraha lile, na bunduki mkononi, aliwaua Jerry Dove na mwenzake Benjamin Grogan na kuwajeruhi wengine. Makachero watano walitoka pale na majeraha. Platt na Matix wakafa wote wawili mwishoni.

Hebu fikirini kama mafundi. Ile risasi ya Dove ilifanya nini kibaya? Haikufanya kibaya. Ilichanua sawasawa kama kiwanda kilivyoahidi. Ilichanua mapema kwa kuwa ilianza kukutana na mkono, ikala nguvu yake njiani, ikaishia karibu. Wapo waliosema FBI ililaumu risasi ili isilaumu mipango yake, na mimi nadhani wana hoja. Lakini kilichofuata ni kazi nzuri. Mwaka 1987 waliwaita wataalamu wa majeraha kwenye chuo chao cha Quantico, akiwemo daktari mpasuaji wa jeshi, Martin Fackler, aliyekuwa ameona majeruhi wa Vietnam kwa macho yake na baadaye akaendesha maabara ya jeshi San Francisco. Likatoka jambo moja kubwa: kwa bastola, kina kwanza, upana baadaye. Risasi ipite angalau inchi 12, yaani sentimita 30, kwenye jeli, na isizidi inchi 18, sentimita 45.

Jeli yenyewe ni unga wa gelatini sehemu 10 kwa mia na maji, unagandishwa mpaka nyuzi 4 za Selsiasi. Ndiyo, ile ya nguruwe. Sheikh, usiniangalie hivyo, hailiwi. (Kicheko.) Kabla ya kupima, unaipiga gololi ndogo ya chuma kwa kasi inayojulikana, uone imezama sentimita ngapi; ikizama kupita kiasi au pungufu, donge zima linatupwa. Kisha risasi inapimwa ikipita jeli tupu, halafu ikipita nguo nzito, mbao, bati la chuma, ubao wa ukuta, kioo cha gari.

Na kwenye nguo ndipo aibu ilipoonekana. Risasi ya tundu ikipita kwenye jaketi, sweta na jinsi, inakata kiduara cha kitambaa na kukibeba. Tundu linajaa pamba. Majimaji hayaingii tena, na risasi haichanui. Inapita kama ile ya jeshi, ikatokea upande wa pili. Nyinyi mmeishi huku, mnajua watu wanavyovaa mwezi wa kwanza. Viwanda vimehangaika miaka thelathini na zaidi na tatizo hili na, haki yao wapewe, vimefika mbali. Risasi nzuri ya tundu ya leo ya milimita 9 siyo ile ya 1986. FBI wenyewe, waliokuwa wamekimbilia bastola kubwa zaidi baada ya Miami, wamerudi kwenye milimita 9.

Lakini nataka mlione hili kama ninavyoliona mimi niliyezoea kuweka maikrometa kwenye kila kitu. Risasi ya kuchanua inamalizia kutengenezwa ndani ya mwili wa mtu. Kiwandani inatoka nusu. Hatua ya mwisho ya utengenezaji, ile ya kuipa umbo lake la kazi, inafanyika mahali ambapo hakuna fundi, hakuna mkaguzi, na malighafi yenyewe ni jaketi la nani sijui. Mimi nikipeleka kipuri cha ndege kwa mteja nikamwambia "kitajikunja chenyewe kikifika", nitafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Hivi vipande mlivyoshika havina kazi ya kujifanyia vikifika. Umbo linaloingia ndilo linalotoka. Hilo tu, hata bila propela, lilitosha kunifanya nivutiwe.

Basi tuje kwenye kutengeneza. Hapa ni nyumbani kwangu, mnivumilie.

Mjomba wangu alikuwa na kerezo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, la Kiingereza, kuukuu, mkanda ukikatika tunaushona kwa uzi wa viatu. Pale ndipo nilipojifunza kwamba kila chuma kina tabia. Risasi ya kawaida, kwa karne nzima sasa, haikerezwi. Inabanwa. Bati la aloi ya shaba linakatwa viduara, kiduara kinasukumwa kwenye kalibu mpaka kiwe kikombe, kikombe kinavutwa kiwe kirefu, linatumbukizwa pande la risasi ndani, vinabanwa pamoja, kingo zinakunjwa. Mashine moja inatapika nyingi kwa dakika, ndiyo maana ni rahisi. Kasoro yake ni kwamba ukuta wa kikombe ukizidi unene upande mmoja kidogo tu, uzito haukai katikati. Ikizunguka hewani inayumba.

Hizi zinakerezwa moja moja kutoka kwenye ufito mzima. Mashine zake ni za aina iliyoanzia Uswisi kwa watengeneza saa: ufito unapita kwenye tundu la kuushikilia, na kisu kinakata palepale karibu na mshikio, kwa hiyo ufito haupati nafasi ya kupinda. Kompyuta inaendesha visu. Kwanza umbo la nje, kisha kisu kingine kidogo kinazunguka na kuchimba mifereji, mfereji wa kwanza, ufito unageuzwa, wa pili, unageuzwa, wa tatu, halafu unakatwa, kipande kinadondoka kwenye mafuta. Kampuni iliyojulikana zaidi kwa kazi hii ni Lehigh Defense, iliyoanzia hapo jirani Pennsylvania. Wanaounga katriji, yaani risasi kamili yenye ganda, baruti na fataki, kama Black Hills wa South Dakota, wamenunua vipande vyao na kuvipa majina yao.

Kipenyo cha risasi ya milimita 9 ni milimita 9.02. Unywele wa mtu una unene wa karibu sehemu 7 za mia za milimita. Mashine nzuri, yenye kisu kizima na fundi aliye macho, inakosea sehemu 1 ya mia. Sehemu ya saba ya unywele. Na kipande cha kwanza cha asubuhi kinafanana na cha mwisho cha jioni.

Lakini shaba nyekundu ni balaa. Haikatiki, inanata kama bazoka ya kutafuna. Chenga zake zinatoka ndefu kama tambi, zinajisokota kwenye kisu, zinakwaruza kazi uliyokwisha kuimaliza. Fundi yeyote ataniuliza: kwa nini msitumie shaba ya njano, ile ya bomba na vitasa, inayokatika chenga fupi kama chumvi? Swali zuri, na jibu lake haliko karakana, liko Washington. Sheria ya shirikisho ya 1986 inayozuia risasi za bastola za kupenya vesti za polisi ilitaja metali zisizoruhusiwa kuwa kiini cha risasi hizo: chuma, pua, tungsteni, shaba nyeusi, na shaba ya njano imo. Shaba nyekundu haimo. Kwa hiyo mtu anateseka na tambi kwa sababu ya mstari mmoja wa sheria. Ndugu zetu wa Lubumbashi, mnaotoka kwenye mkoa uliowahi kuitwa Shaba kabisa enzi za Mobutu, jueni madini yenu yana heshima hata mbele ya mawakili.

Jambo jingine ni uzito. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, karibu kwa sehemu moja ya tano. Ukitaka uzito uleule, kipande kitakuwa kirefu na kitakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Basi wanapunguza uzito. Nyingi za hizi za milimita 9 zina gramu 5.8, badala ya saba na nusu au nane. Nyepesi inakwenda kasi zaidi. Zile katriji zilizotiwa nguvu hupita mita 400 kwa sekunde. Na kwa bastola ile ile, wengi huhisi teke lake limepungua.

Njia ya pili sikuja na mfano wake. Ni ile ile inayotengenezea ndoo na vitana vya plastiki. Unga laini wa shaba unachanganywa na plastiki ngumu, vinayeyushwa, vinapigwa sindano kwenye kalibu ya chuma cha pua, na risasi inatoka imekamilika na mifereji yake. Kampuni ya PolyCase ya Savannah, Georgia, ndiyo iliyoitangaza, na mwaka 2015 jina la Ruger likawekwa juu ya sanduku. Zile ni nyepesi zaidi, gramu 5.2 kwa milimita 9. Kikazi ni rahisi kuliko kukereza, na mazoezini zina uzuri kwamba zikipiga bamba la chuma kwa karibu zinavunjika unga badala ya kurudisha vipande vizima usoni mwako. Kama fundi kerezo naona ni mapambo ya plastiki, lakini msinisikilize hapo, huo ni wivu wa kazi.

Sasa propela.

Dai lenyewe ni hili: ile mifereji inakusanya majimaji ya mwili ikiwa kasi, inayabana, inayatupa ubavuni, na huo mrusho wa majimaji unapasua nyama pana kuliko risasi yenyewe. Mwaka 1905 kule kwetu Kinjeketile alitoa maji, watu wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji, na tunajua Matumbi na Ungoni zilizika watu wangapi. Leo niko Marekani, nauziwa risasi inayofanya kazi kwa maji. Nikisikia maji na risasi kwenye sentensi moja, damu ya babu zangu inasimama kwanza. (Kicheko.)

Kwenye jeli dai linaonekana. Ukipiga donge, unaona mpasuko mpana unaostaajabisha. Kwenye zile jeli bandia zinazong'aa kama kioo, zinazopendwa na wenye kamera, unaonekana zaidi, lakini jeli ile imetengenezwa kwa mafuta, haina tabia za ile ya maji, na vipimo vyake visilinganishwe. Tatizo ni kwamba jeli hupasuka na nyama hunyumbuka. Fackler alilisema hili mara nyingi mpaka akachosha watu: risasi ya bunduki, kwa kasi yake kubwa, inaweza kuitanua nyama kupita uwezo wake wa kurudi, ya bastola, kwa kawaida, haifiki hapo. Misuli, mapafu, ngozi vinatanuka na kurudi. Ini ni jambo jingine, halina unyumbufu. Kwa hiyo ule mpasuko wa kwenye jeli, ndani ya mtu unaweza kuwa mchubuko tu.

Kwa upande wangu, nakubali kingo za ile mifereji zinakata, kama kichwa bapa cha wazee kilivyokata. Nakubali kina chake kinatabirika. Nguo haiizibi kwa sababu hakuna tundu la kuziba. Lakini kwamba inamwangusha mtu kuliko risasi nzuri ya kuchanua, hilo sijaonyeshwa, na picha ya jeli haitoshi kunionyesha. Platt alikuwa na jeraha la kifo na akaendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Hakuna bastola inayoangusha kama sinema.

Na kuna ubaya wake, muuzaji hakuutaja. Isiyochanua haina breki ile. Zile zilizochongwa kwa ajili ya kujilinda zimepimwa zisimame ndani ya zile inchi 18, lakini dada yake, yule mwenye ncha ya bisibisi nyota, amechongwa ili apenye, kwa watu wanaokutana na dubu msituni, na anapita mbali zaidi. Masanduku yao yanakaa rafu moja dukani, majina yanafanana. Ndugu yetu alikuwa amechanganya aina zote mbili kwenye magazini moja! Anaishi ghorofa ya pili, ukuta wa huku ni chaki iliyofunikwa karatasi pande mbili, na upande wa pili wa ukuta wake analala mtoto wa jirani.

Jina la Amadou Diallo bado mnalikumbuka. Kijana wa Guinea, miaka 23, mlangoni kwake Bronx, tarehe 4 Februari 1999. Polisi wanne, risasi 41, 19 zikampata, na mkononi hakuwa na silaha, ni pochi tu. Risasi zile zilikuwa za koti zima. Polisi wa New York walikuwa tayari wameamua kuhamia za tundu, hoja mojawapo ikiwa hii ya risasi kumpita mtu na kumkuta mwingine nyuma yake. Simtaji Diallo kusema risasi nyingine ingemwokoa. Kilichomuua ni macho ya wale waliomwona. Namtaja kwa sababu sisi, tukiwa na sura hizi, tukibeba bastola, lazima tujue tunaangaliwaje ikiwa mkononi tuna pochi tu.

Haya, nilisema nitafika kwenye ile niliyoiacha nyumbani. Jimbo hili la New Jersey sheria yake ya silaha inakataza raia kuwa na risasi za tundu nchani, nao wametumia jina lile lile la Dum Dum. Unaruhusiwa kuwa nazo nyumbani kwako, kuzipeleka uwanja wa shabaha na kuzirudisha, na kuwindia kwa masharti. Kutembea nazo mtaani au kuja nazo kwenye mazungumzo kama haya, hapana, hata kama una kibali cha kubeba bastola. Zamani jambo hili liligusa wachache, maana kibali chenyewe kilikuwa hakipatikani. Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2022, ile ya kesi ya Bruen iliyolegeza masharti ya kubeba bastola, vibali vimeongezeka, na watu wengi wa kawaida wakajikuta wana bastola halali kiunoni na hawaruhusiwi kutia ile ya tundu.

Kwa mtu wa namna hiyo, hivi vipande vina thamani ya kweli. Kulinganisha na risasi bora ya tundu hakumhusu. Hiyo hawezi kuibeba. Tuseme anachagua kati ya hii na ile ya jeshi inayopita mpaka kwa jirani. Hapo mimi nachagua hii bila kusita. Mambo ya sheria, nisikilizeni kama fundi, mkathibitishe kwa mwanasheria.

Wa pili wanaofaidika ni wenye bastola ndogo za .380, na kina mama wengi hapa ndizo walizo nazo. Zile hazina nguvu ya kufanya kazi mbili. Risasi ya tundu ikichanua, inaishia njiani. Isipochanua, umelipia tundu bure. Hii ya shaba inatumia nguvu yote kwenda mbele kwa kipimo kinachojulikana. Na ncha yake haina mdomo wazi wa kukwama inapopanda kutoka kwenye magazini kuingia chemba, ugonjwa unaozisumbua bastola ndogo mara kwa mara.

Faida ya tatu sitaikalia: moshi. Kwenye uwanja wa shabaha wa ndani, ile risasi ya kijivu mnaivuta puani na kurudi nayo kwa watoto kwenye mikono ya shati. California wameshaipiga marufuku kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa sababu ya ndege wanaokula mizoga.

Mama Salma ameinua mkono siku nyingi. Anauliza anunue sanduku ngapi.

Mama, nunua moja uone kama bastola yako inaila bila kukwama. Piga kumi, zilizobaki ziweke. Zile za mazoezi nunua za bei rahisi, za koti zima, nyingi, na uende kila mwezi. Ndugu yetu wa duka nilimpeleka uwanjani wiki iliyopita. Mita tano, karatasi ya ukubwa wa mtu, saa ya kengele nyuma yake ikimharakisha. Kati ya kumi, nne hazikugusa hata karatasi. Zilikuwa zile za dola mbili kila moja, zimechongwa kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Akacheka, akaweka sanduku mfukoni, akaomba zile za kawaida. Tumekubaliana kila Jumanne.

Nadhani nimemaliza, na sambusa zinapoa. Vile vipande vinarudi? Nilileta sita. Hapa mezani naona vitano. Vijana wa nyuma, huyo mwenye bisibisi nyota mfukoni, nina kerezo lakini sina ufito mwingine.